Machicha Juu ya Jamvi la Matanga

Nakumbuka siku moja shemeji yangu alikuja na dalali kuwauza ng'ombe wangu, nami nimo ndani ya eda, siwezi kutoka nje ya ua kumfuata. Alidhani siku yake imefika. Mjane kafungiwa ndani, mume kazikwa, nyasi zimekauka, nani wa kumzuia? Basi kaa hapo kwenye mkeka, mwanangu, hiyo simu iweke pembeni kidogo, nikueleze alizuiwaje. Mimi sisimulii ili watu walie. Nasimulia ili ukitoka hapa usimwinamie mtu.

Nilikuwa mbichi bado wakati huo. Nyumba yetu ilikuwa Msambweni, upande wa juu wa barabara kuu, ndani ya minazi. Mume wangu Hamisi alifuga ng'ombe wa nyama, si wengi, mafahali watatu aliowanunua wakiwa ndama wembamba akawalea kwa mkono wake. Aliwachunga chini ya minazi na kule mabondeni, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na fimbo begani. Mkubwa wao tulimwita Bwana Harusi, kwa sababu alitembea polepole, shingo juu, kama anayejua kwamba anatazamwa.

Hamisi alifariki kwa maradhi ya ghafla. Aliniacha na binti yetu aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, na mama yake mzazi, mavyaa wangu Bi Fatuma, ambaye tuliishi naye nyumba moja. Na aliniacha na mafahali wale. Shamba lilikuwa la ukoo, minazi ya ukoo, hata kisima cha ukoo. Riziki yetu sisi wanawake watatu ilikuwa imefungwa kamba nyuma ya jikoni. Wakiondoka wale mafahali, mimi narudi kwa baba yangu na mtoto mgongoni, nikae jikoni kwa watu mpaka nizeeke. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, hata machozi hayajanikauka.

Eda sikuiona mzigo, nataka uelewe hivyo. Nilimpenda mume wangu, na dini yangu naipenda. Nilivaa nguo za kawaida, sikujipaka wanja wala mafuta mazuri, nikakaa nyumbani kwangu kama ipasavyo. Lakini ng'ombe hawajui eda ni nini. Wao wanajua njaa. Na kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali, nyasi chini ya minazi zilikuwa zimebaki kama ufagio mkuukuu. Hata Hamisi mwenyewe angekuwa hai angehangaika.

Matanga yalipokwisha, alikuja shemeji Salimu, kaka mkubwa wa Hamisi. Alikuwa mkulima huko Mkongani, mtu mrefu, sauti nzito, aliyezoea kusema mara moja na watu wakaitikia. Tulisalimiana, yeye nje ya ua wa makuti, mimi ndani.

"Shemeji, pole tena," alisema. "Lakini tuambizane kweli. Mwanamke wa eda hachungi. Na hata angechunga, nyasi hamna. Nitamtafuta dalali wa ng'ombe kutoka Mackinnon Road, kule bara, awapakie kwenye lori kabla hawajafa. Eda yako ikiisha, tutakaa tuzungumze."

"Nipe muda, shemeji. Nitawalisha."

"Utawalisha nini? Maneno?"

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya mkubwa, alicheka kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyesema atabeba pipa la maji. Lakini mwanangu, kicheko kile ninacho mpaka leo, na kila nikikikumbuka damu hunipanda.

Sitaki kumsingizia marehemu. Salimu hakuwa mwizi. Alikuwa na fungu lake katika mirathi ya ndugu yake, sharia imempa, nami sikulikataa hata siku moja. Lakini yeye alitaka fungu lake, langu, la mama yake na la mtoto wangu yaingie mfuko mmoja, na mfuko wenyewe uwe wake. Na kilichomtia kiburi ni kwamba katika maisha yake yote hakuwahi kuona mwanamke akiwa na fahali.

Asubuhi yake nilikuwa jikoni, nimekalia mbuzi, nakuna nazi ya mchuzi. Nikachuja tui, nikatoka uani na machicha mkononi kuwamwagia kuku, kama nilivyofanya kila siku ya maisha yangu. Bwana Harusi alikuwa amefungwa pale. Akavuta kamba, akanyoosha shingo, akayafagia machicha yote kiganjani mwangu kwa ulimi mmoja. Kisha akanitazama kana kwamba namficha mengine.

Nilisimama pale mpaka kuku wakaanza kunidonoa miguu. Nilikuwa nawaza nyumba ngapi Msambweni zinakuna nazi kila siku ya Mungu. Na ng'ambo ya ua wangu aliishi rafiki yangu Mwanakheri, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakikamua mafuta ya nazi bandani. Machicha yao walikuwa wakiyatupa nyuma ya banda, yamerundikana, yananuka, nzi wametanda. Nikamwita pale pale. Nikamwambia, usitupe tena, nipitishie hapa juu ya ua.

"Ya nini yote hayo?" akaniuliza.

"Ya ng'ombe."

"Mwenzangu, majonzi yamekupanda kichwani," alisema. Lakini alileta.

Machicha mabichi hayangoji mtu. Ukiyaweka asubuhi, jioni yamechacha, na kesho yake yameota ukungu, na ng'ombe akila ukungu umemtafutia kaburi. Lazima yaanikwe, yageuzwe kwa mkono, yakauke sawasawa. Mimi sikuwa na kitu kipana cha kuanikia isipokuwa kimoja. Jamvi la matanga lilikuwa limekunjwa ukumbini, lile walilokalia watu waliokuja kumlilia mume wangu. Nililitazama muda mrefu. Kisha nikalibeba, nikalikunjua nyuma ya jikoni juani, nikayamwaga machicha juu yake.

Nilijifunza mengi kwa muda mfupi. Machicha matupu yana mafuta, yakizidi ng'ombe anaharisha, na fahali mdogo aliharisha kweli mpaka nikapunguza. Nikajua kwamba tumbo la ng'ombe linataka kitu kikavu cha kutafuna kwanza. Kwa hiyo niliwakatia mabua ya mahindi kwa panga, vipande vifupi, na vilele vya miwa ambavyo wakulima huviacha shambani, mwenye mkokoteni wa punda akiniletea hadi mlangoni. Kinu cha kusagia nafaka nacho kilikuwa kinamwaga wishwa, nikaagiza. Maganda ya mihogo niliyachambua, yale ya mihogo michungu sikuyagusa mpaka yakauke kabisa kwa jua. Molasi, ule uji mweusi unaobaki kwenye sukari ya miwa, nikaizimua kwa maji kidogo, nikachanganya na chumvi. Nilianza na konzi, nikaongeza taratibu kadiri tumbo lilivyozoea. Na maji, mwanangu, maji tele. Kitu kikavu bila maji ni kumtesa mnyama.

Wakaanza kubadilika. Mbavu zikajificha. Manyoya yakang'aa. Bwana Harusi akarudi kutembea kwa madaha pale uani, ingawa hakuwa na pa kwenda.

Sasa sikiliza jambo hili. Yote hayo niliyafanya kwa kujificha. Kwetu mwenye ng'ombe huonekana akitembea nyuma yao na fimbo. Ng'ombe wa kulishwa makombo ya jikoni ni alama ya mtu aliyeishiwa. Nami nilikuwa na haya. Mgeni akibisha hodi, nafunika jamvi kwa kanga. Mwenye mkokoteni namwambia apite nyuma. Mwanakheri namsihi asiseme. Basi watu waliona magunia yanaingia na hawakuambiwa ni ya nini, wakajijazia wenyewe. Wakasema mjane wa Hamisi analisha ng'ombe mabaki ya mahoteli ya watalii ya Diani, na mahotelini humo, astaghfirullah, hupikwa kila kitu hadi nguruwe. Bwana Kassim, mwenye bucha pale barabarani, akasema mbele ya wateja kwamba nyama ya ng'ombe wale haitaning'inia dukani kwake. Habari ilinifikia na chumvi yake yote.

Siku Mwanakheri aliponieleza hayo, ndiyo siku Salimu alipotuma neno kwamba anakuja kesho na dalali. Nilikwenda nyuma ya jikoni, nikakaa karibu na hori walilolia ng'ombe, nikalia. Nikasikia nyayo ukumbini, na mkono wangu wenyewe ukavuta kanga ukafunika machicha.

Hakuwa mgeni. Alikuwa mavyaa. Bi Fatuma alikuwa mfupi, mkavu, na tangu mwanawe afariki alikuwa anasema kidogo sana. Alisimama akinitazama.

"Mbona wafunika? Umeiba?"

"Hapana, mama."

"Ni haramu?"

"Si haramu. Ni machicha. Naona haya tu."

"Haya ya nini?" Sauti yake ilipanda, na mimi sikuwahi kuisikia imepanda. "Nimemzika mwanangu, nimekaa kimya nikikutazama. Nimekuona unavyohangaika na wanyama wake, nikasema moyoni, alhamdulillahi, Hamisi alioa mtu. Kumbe nimemwona mwivi? Jambo la halali unalifunika na kanga, halafu walalamika watu wanaliita haramu! Wewe ndiye uliyewaambia. Kila ukifunika, unawaambia. Funua hapo!"

Nikafunua.

"Sasa kamata upande huo wa jamvi. Tunalipeleka mbele ya nyumba."

Tulilivuta mbele ya nyumba, ndani ya ua lakini mahali ambapo mtu akipita mlangoni anaona. Hori nalo tukalisogeza, na ng'ombe tukawahamisha. Mavyaa akafungua mlango wa ua, wazi kabisa, akaweka jiwe usijifunge. Mimi nilirudi nyuma ya pazia la mlango wa nyumba, kwa sababu ya eda yangu, lakini sauti yangu sikuirudisha.

Kesho yake Salimu alikuja na dalali, na nyuma yao wapita njia wachache wapenda mambo. Cha kwanza alichokiona ni jamvi.

"Nini hiki?" alisema. "Mwanikia takataka kwenye jamvi la matanga ya ndugu yangu?"

"Jamvi nililisuka mimi," alijibu mavyaa, akiwa ameketi kizingitini pa mlango wa ua. "Na aliyeliliwa juu yake nilimzaa mimi. Mimi ndiye nipangaye lianikiwe nini."

"Mama, watu wanatucheka! Ng'ombe wa ndugu yangu wanakula uchafu!"

Hapo sikuweza tena kunyamaza. Nikasema kutoka nyuma ya pazia, na nilihakikisha nimesikika hadi barabarani.

"Shemeji, shikamoo. Siku ya matanga ulikula wali wa nazi hapa kwangu, ukaongeza sahani. Tui lilikuwa zuri?"

Mtu mmoja nyuma akacheka.

"Nakuuliza kwa heshima, tui lilikuwa zuri?"

"Lilikuwa zuri," alisema kwa shida.

"Basi haya ni machicha ya nazi hizo hizo. Wewe umekula tui, ng'ombe anakula kilichobaki. Kama huu ni uchafu, wewe ulikula nini?"

Dalali alikuwa mtu mzima, amevaa koti kuukuu, na hakuwa na habari na ugomvi wetu. Yeye alikuwa amekwisha fika kwa Bwana Harusi, ameshampapasa mgongo na kumbonyeza paja. Alichota machicha kidogo kutoka kwenye jamvi, akanusa, akaweka ulimini.

"Hawa si ng'ombe wa kiangazi," alisema. "Huko kwetu wanaanguka njiani. Mwenyewe nani?"

"Mimi," alisema Salimu.

"Mwenyewe yuko nyuma ya pazia lile," alisema mavyaa. "Muulize."

Dalali akaniuliza. Nikamwambia: "Ni wa marehemu, na mirathi haijagawanywa. Shemeji yangu ana fungu lake na atalipata mbele ya watu, siku yake. Leo siuzi."

"Mwanamke wa eda hafanyi biashara!" Salimu alipiga kelele.

"Ndiyo maana nakwambia siuzi," nikamjibu. "Eda imenizuia kutoka, shemeji. Haikunizuia kulisha."

Kwa hasira akafungua kamba ya Bwana Harusi, akamvuta kuelekea mlangoni. Mavyaa hakuinuka. Aliketi vile vile kizingitini, miguu ameinyoosha katikati ya njia.

"Pita, Salimu," alisema. "Niruke mimi mama yako, umpitishe na ng'ombe juu yangu."

Salimu alisimama na kamba mkononi, mtu mzima mwenye ndevu, uso umemshuka. Nilimwonea huruma kidogo, nakwambia ukweli, kwa sababu na yeye alikuwa amefiwa. Lakini sikumwambia aendelee kuishika kamba. Aliiachia, akapita ubavuni mwa mama yake bila kuaga. Dalali alimpa mavyaa mkono wa heshima, akamfuata.

Eda yangu ilipokwisha, nilioga, nikavaa nguo safi na buibui. Mirathi iligawanywa mbele ya wazee na mwalimu wa chuo cha Kurani, Salimu akapewa haki yake yote, nami sikupunguza hata uzi mmoja. Bwana Harusi alikuwa katika fungu letu. Nikamfunga kamba, nikatoka naye mwenyewe, mchana, kwenye barabara kuu ya Msambweni. Watu waliacha walichokuwa wakikifanya. Sikukimbia wala sikuinama. Nilikwenda hadi bucha ya Bwana Kassim, nikasimama mbele ya wateja wake.

Aliutazama ule mwili wa ng'ombe, akasahau maneno yake yote. "Dada, huyu nitamchukua," alisema.

"Utamchukua," nilisema. "Lakini kwanza waambie hawa wateja amekula nini."

"Mambo ya zamani hayo, dada."

"Ya zamani uliyasema kwa sauti. Basi na haya yaseme kwa sauti."

Nilisubiri. Jua lilikuwa kali, Bwana Harusi akamwaga mavi yake mlangoni pa bucha, na hakuna aliyeshughulika kuyaondoa. Mwisho Bwana Kassim akawageukia watu, akasema ng'ombe huyu amekula machicha ya nazi, wishwa, mabua na vilele vya miwa, na ni halali kama mkate. Ndipo nikamkabidhi kamba. Nililia nilipofika nyumbani, si kwa fedheha, ni kwa kumkumbuka aliyemnunua fahali yule akiwa ndama. Lakini mbele ya Bwana Kassim sikutoa chozi.

Salimu hakuniomba radhi mpaka anaingia kaburini, nami sikuwahi kumngoja. Alisema hadi mwisho kwamba nililivunjia heshima jamvi la ndugu yake. Binti yangu alisoma kwa migongo ya mafahali waliofuata, na leo anawaponya wanyama wa watu. Mimi bado nafuga. Minazi mingi imekatwa, mabonde yamezungushiwa kuta, hakuna pa kuchunga, na vijana wa Ukunda hupita na pikipiki wakanipiga picha nikichanganya chakula horini, wanacheka. Nawaambia wasogee karibu, picha itoke vizuri.

Kwa hiyo, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Jifunze kazi yako mpaka uijue hadi harufu yake, ujue kipi kinashibisha na kipi kinaua, kwa sababu ukaidi wa asiyejua ni ujinga tu, na ng'ombe ndiye anayekufa. Ukishajua, na ikiwa ni halali, ifanye mbele ya nyumba. Usifunike. Mwenye haki yake mpe, hata akiwa amekuudhi, ili asibaki na neno juu yako. Mkubwa msalimie, umwambie shikamoo, kisha umwambie hapana. Vyote viwili hukaa katika kinywa kimoja, mimi nimevijaribu. Na asikudanganye mtu kwamba huzuni ni sababu ya kunyang'anywa. Hata ukiwa unalia, kamba ya kilicho chako ishike.

Mwenyezi Mungu akujaalie riziki ya halali isiyokutia haya. Akupe afya, akupe maji mwaka wa kiangazi, na siku watakapokuja kukuuzia chako nawe umefungiwa ndani, akupe sauti ya kusikika hadi barabarani. Amina. Haya inuka, uende kwa heri, na mlango uache wazi.